Kilomita Elfu Mbili kwa Mwendo wa Bibi Harusi

Jumapili, 19 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba kile kikohozi chake kimepungua. Sisi huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana. Mdogo wangu amefaulu mtihani wa unesi na sasa anatupima presha sote kila jioni, tupende tusipende. Baba yupo na cherehani zake. Wiki hii ameletewa nane za kutengeneza, sebule imejaa, tunakula sahani zikiwa mapajani.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za afya ukanijibu habari za mvua. Bora niandike.

Sasa sikia. Tangu Septemba tuna gari la spoti hapa gereji, mali ya daktari wa meno. La kijani, milango miwili, fupi kiasi kwamba kuingia lazima ukunje shingo. Lililetwa limebebwa, injini imenoki kabisa, haizunguki. Mkuu wa gereji alinikabidhi mimi peke yangu. Nimelifungua mpaka nati ya mwisho: krank, beringi, pistoni sita, ringi mpya zote. Ijumaa tumeliwasha. Mkuu alisimama amefunga mikono kifuani, akaniambia, "Hii injini ni yako. Kwenye kitabu cha gari utatia sahihi wewe." Mjomba, miaka kumi na moja nimo humu, sijawahi kutia sahihi hata kwenye kubadilisha plagi. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Ila kuna sharti, na wewe unalijua kuliko mimi. Ringi na silinda bado hazijazoeana. Kilomita elfu mbili za kwanza, mshale wa mizunguko ya injini usivuke elfu tatu, na mwendo usizidi themanini kwa saa. Gari ambalo kioo chake cha mwendo kimeandikwa mpaka mia mbili na themanini! Kila asubuhi kabla ya kazi nitalipeleka barabara ya mchepuko, kilomita kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi. Naanza kesho. Niombee mguu wangu wa kulia.

Mpwa wako,
Grisi


2 Februari

Mpwa wangu Grisi,

Marahaba. Kikohozi cha mkaza mjomba wako kimekwisha na nguvu zote amezihamishia kwenye kunisahihisha. Amenunua ubao mdogo, ameutundika jikoni, akitaka kuniambia jambo anaandika. Leo umeandikwa: SHATI UMEGEUZA. Habari za masikio yangu usiniulize, yapo mahali pake, moja kila upande.

Msalimie mama yako, mwambie aache viatu vya kisigino. Msalimie nesi wetu, nampongeza sana. Msalimie mkuu wako wa gereji. Msalimie na yule paka mwizi, kama hajauawa na majirani.

Sasa gari. Nunua daftari. Kila siku andika tarehe, kilomita, joto la injini, na mshale wa mizunguko ulifika wapi kwa juu kabisa. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Uliandike kabla hujafungua mlango wa gari. Mtu akishashuka, kichwa chake kinaanza kupunguza. Usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, panda na shuka, lakini elfu tatu ni ukuta. Oili ya kwanza uimwage ikifika mia tano, hata mkuu wako akisema bado. Na kila ukiniandikia, uninakilie ukurasa mzima wa daftari, usinichagulie.

Pia nieleze sauti. Miaka thelathini na moja nilisikiliza injini kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye bloku ya injini na mpini sikioni. Siku hizi nikiweka bisibisi nasikia baridi ya chuma tu. Wewe una masikio mazima, yatumie kwa niaba yangu.

Mjomba wako


16 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Tumepokea barua yako, mama ameicheka ile ya shati mpaka goti likamuuma. Mdogo wangu anauliza presha yako ni ngapi. Nimemwambia hujapimwa tangu serikali ilipobadilisha noti, akasikitika kweli.

Daftari nimelinunua, ukurasa nimeunakili nyuma ya karatasi hii. Kilomita mia saba na ishirini, joto halijapita tisini, mshale haujapita elfu tatu hata siku moja. Oili ya kwanza nimemwaga ikiwa imeng'aa vumbi la chuma, kama ulivyosema.

Sauti: kwenye elfu moja na mia tano inanguruma chini kwa chini, kama ya mtu anayesoma gazeti kimoyomoyo. Kwenye elfu mbili na nusu inafunguka. Ikifika elfu tatu, Mjomba, ndipo inapoanza kuwa tamu, na ndipo ninapolazimika kuachia. Kila asubuhi ni hivyo. Nakula harufu ya pilau la jirani nashibia hapo.

Fedheha yake ndiyo sikuitegemea. Nimepitwa na basi la shule. Nimepitwa na lori la kuku, manyoya yakanirukia kwenye kioo. Juzi nimepitwa na mzee mwenye pikipiki amebeba kabati, kageuka kabisa kunitazama, akanipungia mkono wa pole. Kituo cha mafuta wananiita Bibi Harusi. "Bibi Harusi kapita, sasa ni saa moja na nusu," wanaambiana. Najifanya sisikii. Nikifika gereji natupa kofia chini.

Kuna jingine. Mjomba, umemsalimia mpaka paka. Baba humsalimii. Nimefungua kasha langu la barua nikazisoma zako zote, tangu nikiwa shule. Hakuna hata moja uliyomsalimia. Nilidhani umesahau, lakini mtu hasahau miaka kumi na tisa. Nilimsomea baba barua yako, akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua bisibisi akaifungua cherehani ambayo haikuwa na ubovu wowote. Kuna nini kati yenu?

Mpwa wako,
Grisi


1 Machi

Grisi,

Marahaba. Mimi mzima. Mkaza mjomba wako anakusalimu, ameandika ubaoni MWAMBIE AOLEWE, nami nafikisha kama nilivyotumwa.

Ukurasa wako nimeusoma mara tatu. Joto la tarehe sita lilipanda kuliko siku nyingine, kagua mkanda wa feni. Usizime injini ghafla ukifika, iache ipumue dakika mbili. Matairi ongeza upepo kidogo. Ukipanda mlima, rudisha gia mapema, usiisukume injini kwa gia kubwa, inaumia vilevile. Kuhusu lori la kuku, funga kioo.

Umeniuliza jambo moja, nimekujibu mambo matano. Shukuru kwa hayo.

Kuanzia kilomita elfu moja mpaka elfu moja na mia tano ndipo pabaya. Kabla ya hapo injini ni nzito na woga unakusaidia. Baada ya hapo umeshaona mwisho. Hapo katikati injini imeanza kulainika, inakuita, na barabara unaifahamu kila shimo. Jihadhari na siku nzuri.

Msalimie mama yako na nesi.

Mjomba wako


23 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, wiki mbili hizi zimekuwa za moto. Nyumbani wazima. Mama amekubali kuvaa viatu vya chini, lakini kavinunua vyekundu ili tujue hajashindwa. Baba ana homa ndogo, imeanza kupungua.

Mkanda wa feni ulikuwa umelegea kweli. Wewe ni mchawi.

Jumanne alikuja daktari wa meno mwenyewe, akataka tutoke pamoja. Akakaa pembeni yangu na suti yake. Tukapita kituo cha mafuta, wakaniimbia. Akasema, "Hawa wanaimba nini?" Nikamwambia sijui. Tulipofika pale barabara inaponyooka akaanza. "Fundi, kanyaga kidogo tu, nisikie nilichonunua." Nikamwambia bado. "Sekunde kumi tu." Nikamwambia bado. "Gari ni langu!" Nikamuuliza, "Daktari, ukiziba jino asubuhi, mgonjwa wako anaruhusiwa kutafuna mfupa saa ile ile? Na meno si ni yake?" Akanuna. Tulivyorudi akamwambia mkuu kwamba Ijumaa atakuja kulichukua lilivyo. Mkuu akamjibu kwamba hakuna shida, alichukue, ila kitabu hakitatiwa sahihi, na likitoa moshi asirudi na kelele. Daktari akazunguka gari mara mbili, akaondoka bila gari. Kwa hiyo tunaendelea.

Nikwambie ukweli, nilimkatalia kwa mdomo, lakini ndani nilikuwa upande wake. Mimi ndiye niliyeziweka zile pistoni kwa mikono yangu, nami sijawahi kuzisikia zikiimba. Natamani mpaka meno yanauma.

Ukurasa uko nyuma. Tuko kilomita elfu moja mia sita na kidogo. Siku za mvua kubwa sikutoka.

Mpwa wako,
Grisi


28 Machi

Grisi,

Alhamisi, tarehe kumi na tatu Machi. Umeandika kilomita, umeandika joto. Mshale ulifika wapi hukuandika, umeacha wazi. Nijibu hilo kwanza. Mengine baadaye.

Mjomba


1 Aprili

Mpwa wangu,

Sijangoja jibu lako kwa sababu nalijua. Nimekaa na ukurasa ule siku nne, mkaza mjomba wako ameniandikia ubaoni KULA mara saba.

Sikugombezi. Wewe umeacha nafasi wazi. Mimi niliandika "elfu tatu", nikaweka na nukta.

Ulikuwa darasa la sita. Mimi na baba yako tulikuwa gereji moja, meza moja, tunakunywa chai kwenye kikombe kimoja chenye kifuniko. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani kwetu akamwona mama yako, hilo unalijua. Likaja gari la spoti, jeupe. Baba yako alifunga injini. Hapakuwa na mtu wa kumfikia kwa kufunga ringi, vidole vyake vilikuwa vinaona. Mimi nilipewa kazi ya kulizoesha, maana ndiye niliyekuwa na leseni ya kujaribia magari.

Kilomita ya elfu moja mia tatu na arobaini, asubuhi nzuri, barabara tupu. Nilikanyaga. Nilihesabu baadaye, hazikuzidi sekunde kumi na moja. Mshale ulifika elfu sita na mia mbili. Ile sauti, Grisi, ndiyo ya mwisho iliyobaki kichwani mwangu, nyingine zote zimekwisha, hata sauti ya mke wangu naikumbuka kwa kubahatisha. Nilirudi nikaandika elfu tatu. Nikalala usingizi mzuri.

Baada ya mwezi gari likarudi linatoa moshi wa buluu. Mwenye gereji akatuita. Akasema kuna mawili: ama ringi zilifungwa vibaya, ama gari lilikimbizwa. Akafungua daftari. Daftari lilikuwa safi. Akaniuliza mimi, "Uliwahi kuvuka?" Nikasema sijavuka. Baba yako alikuwa amesimama pembeni yangu, karibu kiasi kwamba mkono wa ovaroli yake ulinigusa. Hakunitazama. Akafukuzwa kazi siku ile ile, na habari zikaenea kwamba hajui kufunga injini, hakuna gereji iliyomchukua. Ndivyo alivyohamia kwenye cherehani.

Miezi miwili baadaye nilihama mji. Nilisema ni kwa ajili ya hewa.

Simsalimii kwa sababu sijui nimsalimie kwa mdomo upi. Na kila likizo ya shule alikuwa anakupandisha basi uje kwangu nikufundishe kazi, kazi ile ile niliyomnyang'anya. Nilikuwa nakupokea stendi. Mpaka leo sijaelewa kwa nini alikuleta.

Kama ulivuka, kamwambie mkuu wako leo, kabla hujamaliza kusoma. Utapoteza ile sahihi. Itauma mwaka mmoja. Hili langu limeuma miaka kumi na tisa na halijapoa. Barua hii ukitaka msomee baba yako. Usipotaka, ichome. Mimi nimeshindwa kuamua, nakuachia wewe, najua si haki.

Mjomba wako


Jumapili, 13 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika siku moja, Jumatano, ya pili juu ya ya kwanza, kwa hiyo nimesoma jibu kabla ya swali. Mama hajambo. Homa ya baba imekwisha. Nesi anakusalimu.

Alhamisi ile sikuvuka, Mjomba. Umekiri kabla ya kuulizwa.

Ilikuwa kama ulivyosema, siku nzuri. Mvua ilikuwa imeosha barabara na hakukuwa na gari hata moja baada ya daraja. Mshale ulikuwa elfu tatu. Nikajikuta natazama nguzo ya umeme mbele na kuamua kwamba nitaanzia pale. Sikuwa nafikiria kama nitakanyaga, nilikuwa nachagua mahali. Hilo ndilo lililonitisha. Nikafunga breki, nikaegesha majanini, nikashuka, nikafunga milango na kuanza kutembea. Nilitembea kilomita mbili na ovaroli mpaka kwa fundi wa pancha ndipo nikampigia mkuu. "Njoo uchukue gari." Akauliza, "Limeharibika?" Nikamwambia, "Hapana, mimi ndiye nimeharibika." Alicheka mpaka akakohoa. Alilirudisha yeye, mimi nikarudi na pikapu. Kesho yake akanitupia funguo kama kawaida. Sikuandika mshale kwa sababu niliona haya kuandika kwamba nimelikimbia gari kwa miguu.

Kuhusu barua yako ya pili, nilikaa nayo siku mbili. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Nimekuwa nikimwona baba akipinda mgongo juu ya cherehani za watu utoto wangu wote, na wewe ulijua. Nilitaka kuichoma ili nisiwe mimi wa kumpa. Halafu nikaona nikiichoma, na mimi nitakuwa nimeandika elfu tatu.

Jana zilikuwa zimebaki kilomita thelathini. Nilimwomba baba tutoke pamoja. Miaka yote hakutaka hata kuja mlangoni mwa gereji, lakini jana alivaa shati la kwenda sokoni akaingia ndani ya gari, akakunja shingo, akaweka kiganja juu ya dashibodi. Hakukiondoa njia nzima. Zilipotimia elfu mbili nilikuwa karibu na daraja. Nikaegesha. Baba akasema, "Sasa unaruhusiwa." Nikamwambia najua. Nikazima injini, nikampa barua yako.

Anasoma polepole siku hizi, anasogeza kidole. Alipomaliza aliikunja vizuri akairudisha kwenye bahasha. Nikasubiri apige kelele. Akasema, "Nilijua."

Mjomba, alijua siku ile ile. Kabla hajakabidhi spana zake aliomba afungue injini mara ya mwisho, na mwenye gereji akamkubalia kwa dharau. Ringi zilikuwa zimekaa sawasawa. Silinda ndizo zilizokuwa zimechanwa na moto, na moto wa namna ile hautoki kwenye ufungaji. Aliyekuwa na funguo za gari ni mtu mmoja. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema mama alikuwa na kaka mmoja tu, na mkaza mjomba alikuwa hospitali, na yeye alidhani utakuja mwenyewe wiki ijayo kumwambia. Aliwasha taa ya barazani siku nyingi, akawa anasogeza hiyo wiki ijayo mbele.

Zile safari za likizo nimemuuliza pia, maana umesema hujaelewa. Alitaka unirudishe. Alidhani siku moja utapanda basi na mimi, unilete mpaka mlangoni, na ukishafika mlangoni utaingia. Wewe kila mara ulinipakia basi peke yangu na kumwomba dereva aniangalie. Baba alikuwa anasimama stendi anatazama watu wote wanaoshuka nyuma yangu. Nakumbuka hilo. Nilikuwa nadhani anahesabu mizigo.

Nililia, yeye hakulia. Alinipa leso yake yenye mafuta ya cherehani, nikajipaka weusi uso mzima, na hivyo ndivyo nilivyoingia gereji kutia sahihi. Mkuu alidhani ni furaha. Ilikuwamo na furaha pia. Daktari wa meno ameshalichukua gari lake, tumemsikia akiondoka, mtaa mzima umesikia. Zile pistoni zinaimba, Mjomba. Ni sauti nzuri. Nitakuandikia siku nyingine.

Jioni baba alimwomba mdogo wangu amtafutie tiketi ya basi. Anafika kwenu Jumamosi saa tisa alasiri. Nilimuuliza anakwenda kukwambia nini baada ya muda wote huu, na kama hana hasira ya ile kazi. Alikuwa anapiga pasi shati, hakugeuka.

"Kazi nyingine nilipata," akasema. "Shemeji mwingine sikupata."

Mpwa wako,
Grisi